Jack Odell, fundi aliyetia gari ndani ya kibiriti



Leo sisemi siasa, wala bandari, wala bei ya unga. Nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye sasa ni miaka mingi tangu afe, mtu ambaye wengi wetu hatulijui jina lake ilhali kazi yake tumeishika kwa mikono yetu. Jina lake ni Jack Odell. Kazi yake ni vile vigari vidogo vizito vya madini vinavyoitwa Matchbox, yaani kasha la kibiriti, kwa kuwa viliuzwa ndani ya kijikasha kilichofanana na cha kibiriti.

Aliyekulia Mombasa, Malindi au Lamu miaka ya themanini atanielewa upesi. Kila mtaa ulikuwa na mtoto mmoja mwenye kigari kile, aghalabu kaletewa na jamaa aliyetoka Arabuni au Ulaya, na sisi wengine tukingoja zamu. Jina la Matchbox tulilijua kabla hatujajua kusoma vizuri. Lakini nani aliyekitengeneza? Hakuna aliyetuuliza, na sisi hatukuuliza. Swali hilo ndilo la leo, na kwangu mimi si mchezo wa watoto. Linatugusa sisi watu wa Pwani pahala panapouma, nami nitaeleza kwa nini.

Wengi mwajua kuwa riziki imeniweka huku mpakani. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha baina ya Busia na Malaba, na nyumba niliyopanga iko Matayos. Huku, kama ilivyo kwetu Kongowea, marobota ya mitumba hufunguliwa na kumwagwa chini, na baina ya nguo na viatu hutokea mara nyengine mfuko wa vitu vya kuchezea vya watoto wa Ulaya. Wanunuzi huupita. Mimi huinama. Kwa miaka kadhaa sasa nakusanya vigari vya zamani vya Kiingereza, vilivyosubiwa katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, na hasa vile vya watengenezaji waliosahauliwa hata kwao. Wenzangu hunicheka, mtu mzima mwenye diploma na watoto wa kusomesha, anaokota vigari vilivyobambuka rangi. Na wacheke. Kila mtu ana chake.

Mkusanyaji wa vitu hivi ana desturi moja. Akikiokota kigari hatazami rangi kwanza, wala hajaribu kama mlango wafunguka. Hukipindua. Jina la mtengenezaji, likiwapo, liko chini ya tumbo. Lisipokuwapo, ndipo kazi yenyewe inapoanza: utazame magurudumu, ni ya madini au ya plastiki, ya kijivu au meusi, utazame vipi ncha ya ekseli ilivyopondwa ili gurudumu lisitoke, utazame unene wa madini na mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Kila fundi ana mkono wake, na mkono haufichiki. London ya baada ya vita ilijaa vijikarakana vya namna hiyo. Walikuwapo Benbros, ambao ni ndugu wawili wa ukoo wa Benenson. Walikuwapo Charbens, ambao ni Charles na Ben. Walikuwapo Morestone, jina lililotokana na Morris na Stone. Tazama basi majina hayo. Kila moja limebeba mtu ndani yake. Na kampuni iliyokuja kuwashinda wote iliitwa Lesney, nalo jina hilo limebeba watu wawili ndani yake, ila Odell hayumo.

Tuanze mwanzo.

John William Odell, waliyemwita Jack, alizaliwa London tarehe 19 Machi 1920. Shule haikumkubali, au yeye hakuikubali. Akiwa na miaka 13 alifukuzwa. Wazee wetu wana maneno kwa mtoto kama huyo, nanyi mwayajua, sina haja ya kuyarudia. Akawa anashika kazi hii akiiacha, akishika nyengine. Vita vilipokuja akaingia jeshini, katika kikosi cha huduma na uchukuzi. Vilipokwisha alirudi London kama maelfu ya wenzake: hana cheti, ana mikono yake tu. Akapata kazi kaskazini ya mji, katika kiwanda cha mashine na kalibu za kusubu zinki. Hapo ndipo alipokutana na kazi aliyoumbiwa.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hatutamwelewa mtu huyu. Madini ya vigari hivi ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, na shaba na magnesi kidogo zaidi. Huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 400, chini mno kuliko joto la kuyeyusha chuma, kwa hivyo kalibu ya chuma cha pua yaweza kulipokea mara elfu nyingi isiharibike. Madini hayo husukumwa ndani ya kalibu kwa nguvu, hupoa kwa muda mfupi, kalibu hufunguka, na kitu hutoka kimekamilika na kila mkunjo wake. Anayeendesha mashine anaweza kufundishwa kwa siku chache. Lakini anayechonga ile kalibu ni fundi wa mafundi, kwani kosa moja alilolifanya ndani ya chuma litazaliwa tena na tena katika kila kitu kitakachotoka humo. Na madini yanataka uaminifu pia. Risasi kidogo tu ikiingia ndani ya zinki, kitu huonekana kizuri dukani, kisha baada ya miaka huanza kupasuka chenyewe na kumong'onyoka kama mkate mkavu. Wakusanyaji twaujua msiba huo. Ukikuta kigari cha miaka sabini ambacho bado ni kizima kama jiwe, jua aliyeyeyusha madini yake hakuchanganya takataka.

Sasa turudi kwa wale wawili. Tarehe 19 Januari 1947, vijana wawili waliotoka katika jeshi la majini la Uingereza walianzisha kampuni. Mmoja Leslie Smith, mwengine Rodney Smith. Jina la ukoo ni moja lakini hawakuwa ndugu, walikuwa marafiki tangu shule. Walichanganya pesa walizolipwa kwa kutumikia vitani, zikawa pauni 600 hivi. Wakachukua mwanzo wa jina la Leslie na mwisho wa jina la Rodney, wakapata Lesney. Wakakodi jengo chakavu lililokuwa baa, likiitwa The Rifleman, huko Edmonton. Rodney alimfahamu Odell kutoka kile kiwanda cha kusubu, na Odell akaja akapanga nafasi humo, akasubu vitu vyake mwenyewe. Haukupita muda wakaona kuwa huyu mpangaji anaijua kazi kuliko wenye nyumba, wakamfanya mshirika. Lakini jina la kampuni lilikwisha kuandikwa.

Hawakukusudia kutengeneza vitu vya watoto. Walisubu vipuri vya viwanda. Ila kila mwaka ulipokuwa unakwisha, wateja wao walipunguza kununua, ili wasikutwe na bidhaa nyingi ghalani wakati wa hesabu za kodi. Mashine zikawa zinalala. Ili zisilale, mwaka 1948 wakaanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya kuuza madukani: gari la kushindilia barabara, mashine ya kuchanganya saruji, trekta. Vitu vya kazi, si magari ya kifahari. Nchi ilikuwa imebomolewa na mabomu, na mtoto wa London kila siku aliyaona hayo barabarani, kama watoto wa Matayos wanavyoyaona malori. Vile vya mwanzo kabisa vingi havikuandikwa jina lolote chini, na ndiyo maana mpaka leo wakusanyaji hubishana juu ya kigari fulani kama ni cha Lesney au cha jirani yake.

Kisha ikaja vita ya Korea, na zinki ikatakiwa kwa silaha. Serikali ya Uingereza ikazuia isitumiwe kwa vitu vya kuchezea. Mwaka 1951 Rodney Smith akaona biashara hii haina mbele, akauza sehemu yake akaondoka. Akaondoka mtu, nusu ya jina lake ikabaki juu ya vitu ambavyo hakuvitengeneza. Kalibu zote zilikuwa za Odell.

Hapa hadithi inagusa ardhi yetu. Odell alikuwa ameandaa kalibu ya mkokoteni wa dhahabu wa kifalme wa Uingereza, unaovutwa na farasi wanane, na ndani yake aliweka sanamu za mfalme na malkia. Zuio la zinki likaiweka kazi hiyo rafuni. Kabla haijatolewa, tarehe 6 Februari 1952, Mfalme George wa Sita akafariki, na binti yake akawa malkia akiwa Kenya, huko Nyeri, katika safari. Kitu kilichoonekana kimepitwa na wakati kikawa ndicho kitu kinachotakiwa na nchi nzima, kwani sherehe ya kumtawaza Elizabeth ilipangwa mwaka 1953. Sanamu ya mfalme ikakatwa ndani ya mkokoteni, akabaki malkia peke yake. Na ukitazama kwa makini utaiona miguu ya mfalme bado imebaki, haina mwenyewe. Ile michache iliyotoka na wote wawili inatafutwa na wakusanyaji kama lulu.

Mkokoteni mkubwa uliuzwa vizuri, lakini Odell alikuwa amechonga na mdogo, wa kukaa kiganjani. Huo mdogo ulipita milioni moja. Na kwa kutawazwa huko huko, mwaka huo huo wa 1953, yalianzishwa mashindano ya magari ambayo sisi twayaita Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sherehe moja ya Waingereza ilituachia sisi vumbi la magari makubwa barabarani, na ikawaachia wao pesa za kutengenezea magari madogo.

Lakini kibiriti kilitoka wapi? Kilitoka kwa mtoto. Odell alikuwa na binti, Anne, na shule yake iliweka sheria kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuja na kitu cha kuchezea kisichoingia ndani ya kasha la kibiriti. Anne, kama watoto wote wajanja, akawa anatia buibui ndani ya kibiriti na kwenda kuwatisha wenzake. Baba mwengine angemchapa, au angemnyang'anya kibiriti. Odell aliingia karakanani, akalitwaa lile gari la kushindilia barabara alilolijua kwa kila mkunjo, akalichonga upya kwa shaba ya manjano, dogo la kuingia ndani ya kibiriti, akalipaka rangi nyekundu na kijani. Anne akaenda nalo shule. Watoto wote wakataka lao.

Hapo ndipo ninapomheshimu mtu huyu. Yeye mwenyewe alifukuzwa shule akiwa na miaka 13. Shule ya binti yake ilipoweka sheria ya kijinga kidogo, hakuivunja wala hakugombana na mwalimu. Aliichukua ile sheria akaifanya kipimo cha kalibu.

Mwaka 1953 vigari vitatu vya kwanza vya Matchbox vikaingia madukani: gari la kushindilia, lori la kumwaga mchanga, na mashine ya kuchanganya saruji. Bei ilikuwa chini ya shilingi mbili za Kiingereza, pesa ambayo mtoto aliweza kuipata mwenyewe bila kumlilia baba. Havikuuzwa kwenye maduka makubwa ya vitu vya kuchezea tu. Viliuzwa hata kwenye vibanda vya magazeti na peremende. Wenye viwanda vikubwa wakati huo, kama Dinky ya Liverpool, walitengeneza magari makubwa zaidi ya bei zaidi. Odell alisema na mtoto mwenye sumuni mkononi. Mwaka 1954 likaja basi jekundu la London, na mwaka 1955 likaja Land Rover, lile lile ambalo wazee wetu walilijua kwa polisi na mabwana shamba. Orodha ikawekwa kikomo cha nambari 75: kikiingia kipya, cha zamani hutoka. Mwaka 1956 akaanzisha mfululizo wa magari ya kale, yaliyochongwa kwa uangalifu zaidi, na hapo watu wazima nao wakaanza kununua bila haya.

Vijikasha vya mwanzo viliandikwa Moko pamoja na Lesney. Moko hakuwa fundi; ni jina la wakala wa biashara, lililofupishwa kutoka kwa Moses Kohnstam, mfanyabiashara wa vitu vya kuchezea wa asili ya Ujerumani. Mimi niliye wakala wa forodha naielewa hali hiyo vizuri sana. Mara nyingi jina linalosafiri na mzigo ni la aliyeandika karatasi, si la aliyeutoa jasho. Kwa miaka, basi, vigari vya Jack Odell vilizunguka dunia na majina ya watu watatu: Leslie aliyekuwa ofisini, Rodney aliyekwisha kuondoka, na Moses ambaye jina lake lilibebwa na wakala.

Tusidhani kuwa alidhulumiwa. Odell alikuwa mshirika mwenye hisa zake, na kampuni ilipoingia soko la hisa mwaka 1960 alitajirika. Kufikia mwaka 1966 Lesney ilikuwa ikitoa vigari zaidi ya milioni 100 kwa mwaka. Viwanda vyake vikubwa vilikuwa Hackney, mashariki ya London, vikiajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake wa mitaa ile, waliounganisha, waliopaka rangi na waliopakia. Mwaka 1968 Odell na Leslie Smith walitunukiwa nishani ya taifa, ile inayoitwa OBE. Mtoto aliyefukuzwa shule akavishwa nishani. Lakini geuza kigari chochote cha miaka ile, utasoma kuwa kilitengenezwa Uingereza na Lesney. Wale wanawake wa Hackney hawamo. Odell hayumo.

Mwaka huo huo wa 1968 ndio mambo yalipoanza kugeuka. Kampuni ya Mattel ya Marekani ilileta Hot Wheels, magari ya rangi za kung'aa yenye ekseli nyembamba na magurudumu laini, yanayokimbia mno kwenye njia ya plastiki. Vigari vya Odell vilichongwa ili vifanane na vya kweli; hivi vilichongwa ili vikimbie. Watoto wakachagua mbio. Lesney ilijibu mwaka 1969 kwa magurudumu mapya, ikajiokoa kwa muda, na mwaka 1973 Odell akastaafu. Miaka iliyofuata haikuwa na huruma. Bidhaa za Hong Kong zilikuwa rahisi, uchumi wa Uingereza ukayumba, na watoto wakaanza kutaka michezo ya umeme. Dinky ilifunga kiwanda mwaka 1979. Lesney ikafilisika tarehe 11 Juni 1982, ikanunuliwa na kampuni ya Universal ya Hong Kong. Mwaka 1983 ikaanguka na Mettoy, waliokuwa wakitengeneza Corgi. Ndani ya miaka minne ufundi mzima wa nchi ulikwisha. Jina la Matchbox lipo mpaka leo, tena limeishia mikononi mwa Mattel wenyewe, lakini lile kasha halitoki tena Hackney.

Odell wakati huo alikuwa na miaka 62, ana mali ya kumtosha. Mwengine angekaa bustanini. Yeye alinunua baadhi ya mashine za Lesney iliyokufa, akafungua kiwanda Enfield, kaskazini ya London, akaanza tena kusubu: magari ya farasi, mabasi ya kale, vigari vya kupeleka maziwa na chai vilivyoandikwa matangazo ya zamani ubavuni. Na safari hii kampuni akaipa jina mwenyewe. Akaiita Lledo.

Nilikipata kimoja katika mfuko wa vitu vya kuchezea Busia, kimekwaruzika, tairi moja haipo. Nilipokipindua nikasoma Lledo, na kwa siku mbili nililifikiria neno hilo, nikidhani ni la Kihispania au Kiwelshi. Lisome kinyumenyume, msomaji wangu. Anza na herufi ya mwisho. Utamkuta mwenyewe.

Miaka thelathini na mitano baada ya kuingia katika lile jengo la Edmonton, fundi alitia jina lake chini ya kazi yake. Na hata alipolitia aliligeuza, kama mtu anayeona haya kujitaja mbele za watu, lakini hataki tena kusahauliwa. Lledo nayo ilianguka mwaka 1999, jina likanunuliwa na Corgi. Odell alifariki tarehe 7 Julai 2007, ana umri wa miaka 87, miaka miwili baada ya Leslie Smith.

Sasa niwaambie kwa nini maisha haya yananiuma mimi mtu wa Pwani.

Ami yangu mkubwa alikuwa fundi bati Majengo, Mombasa. Alitengeneza masanduku ya bati, yale ambayo watoto walichukua wakienda shule za bweni na akina mama wakatia kanga zao. Pembe zake hazikukata mtu, na kifuniko chake kilifunga bila kupigwa ngumi. Masanduku hayo yalipanda treni yakafika mpaka huku Malaba. Ami amefariki zamani, karakana ni duka la simu. Nikialikwa kwenye nyumba za huku na kuona sanduku la zamani la bati chini ya kitanda, huomba ruhusa nalipindua, kama ninavyopindua vigari. Halina kitu. Lakini natazama pembe, natazama vipi bati lilivyokunjwa, nasema huenda ni lake. Huenda. Kigari cha mtoto wa Kiingereza, cha bei ya peremende, naweza kukitafutia fundi wake mpaka nikajua mwaka na mtaa. Sanduku la ami yangu siwezi.

Na si ami yangu peke yake. Twajisifu kwa milango ya Lamu, twapiga nayo picha, twaiuza kwa watalii. Twasema mlango wa Kilamu, hatusemi mlango wa fulani bin fulani. Twajua majina ya majahazi na ya manahodha, ya waliounda majahazi twayajua machache. Kofia ya vito iliyochukua miezi kushonwa tunalijua jina la mshono, la mshonaji hatulijui. Kisha twalalamika kuwa ufundi wetu unaigwa na wageni na kuuzwa kama wao. Utadai vipi mali isiyoandikwa jina? Nauliza kama mtu wa forodha: mzigo usio na mwenyewe kwenye karatasi ni wa yeyote atakayetangulia kuuandika.

Wapo watakaosema kuwa kutojiandika ni unyenyekevu, kwamba wazee walifanya kazi kwa ikhlasi na malipo yao yako kwa Mungu. Naiheshimu hoja hiyo, na sina shaka na nia za wazee. Lakini jina chini ya kazi si majivuno tu. Ni dhamana pia. Fundi aliyeandika jina lake amesema: kikivunjika, nijieni mimi. Odell hakutia risasi ndani ya zinki, ndiyo maana vigari vyake vingali vizima. Anayeficha jina aweza kuwa mnyenyekevu, lakini hata mdanganyifu huficha lake.

Na liko la pili, zito zaidi. Hapa Matayos kuna kijana wa miaka kumi na minne ambaye ameacha shule. Hutengeneza matrela kwa waya na makopo, magurudumu ya ndara zilizochakaa, yenye usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama, na yanakata kona kama yale yanayopanga foleni kwenda Malaba. Ekseli ya nyuma kaifanya mara mbili, kwa sababu ameyahesabu matairi ya malori ya kweli. Baba yake aliniambia kuwa mtoto huyu amepotea. Nikamjibu, mzee wangu, simwambii mwanao aache shule, na ingekuwa heri arudi. Lakini usiseme amepotea mtu ambaye umemwona anafanya kazi tangu alfajiri. Mtafutie chuo cha ufundi, mtafutie fundi wa kuchomea vyuma atakayempokea. Tumezungumza mara tatu. Mara ya tatu alinikubalia kwenda kuuliza nafasi katika chuo cha ufundi muhula ujao. Nami nimeahidi kwenda naye.

Kwetu Pwani wako vijana kama huyo mitaa yote, na twawaita majina mabaya kwa sababu ya karatasi ya mtihani. Huenda tisa katika kumi hawatakuwa Odell. Wala haitakiwi wawe. Yatosha wawe mafundi wanaojulikana kwa majina, ambao mteja akirudi anajua wa kumwuliza.

Kwa hivyo ombi langu kwenu ni dogo. Ukimwagiza fundi kitanda, mlango, mashua au sanduku, mwambie atie jina lake na mwaka, pahala pasipoonekana, chini au nyuma. Na ukiwa wewe ndiye fundi, usingoje kuambiwa. Msumari mmoja watosha. Yule kijana wa Matayos nilimpa msumari nikamwomba aandike jina lake chini ya trela nililolinunua kwake. Aliniuliza aandike la baba yake au lake. Nikamwambia aandike lake.